Kompyuta ya Kuamia Ndege

Jumatano, 9 Julai

Mimi ni Zadock wa Kulesa, na kuanzia leo naandika, kwa sababu mtu akifanya makubwa bila kuandika, watu wa Hewani, kijiji jirani, watasema ni wao walioyafanya. Shule niliiacha kidato cha pili. Haikunishinda. Tulichokana tu.

Habari ya kwanza si nzuri. Nyanya Rosina aliteleza kwenye ngazi ya dungu, kile kichanja kirefu cha shambani, akiamia ndege wasile mpunga, mguu ukavunjika. Sasa umefungwa plasta, naye amekaa mkekani akiitukana ngazi kana kwamba ilimsukuma. Leo mjomba Danson amekuja kutoka Hola na ile sauti yake ya ofisini.

"Mama, mambo ya shamba basi. Utakuja ukae kwangu."

"Hola nikae nikitazama ukuta?"

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: mpunga ukiingia ghalani, Nyanya anabaki kwake Kulesa na mjomba hasemi tena neno. Ndege wakiumaliza, basi. "Nipakie kwenye gari kama gunia," Nyanya akasema, "wala sitauliza tunakwenda wapi." Mafuriko ya mwaka jana yalichukua kila kitu, kwa hiyo mpunga huu ndio pekee tulionao.

Kisha wote wakageuka kunitazama. Dada yangu Charity amemaliza kidato cha nne na anangoja chuo, ila ndiye anayepika na kumwogesha Nyanya. Wa kupanda dungu amebaki nani? Kichwa kama changu, cha kupigia ndege kelele!

"Mume wangu," Nyanya akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "shamba nakuachia wewe."

Ijumaa, 11 Julai

Ndege ni wengi kuliko dhambi. Sauti imekwisha, naongea kama bata.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata wazo, na wazo lenyewe ni kubwa mpaka nilishuka dunguni bila kugusa ngazi.

Tunayo kompyuta. Mjomba alimwachia Charity ile yake kuukuu ya kukunja. Betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa umeme wa kioo cha sola kilicho juu ya bati. Mchana Charity hana kazi nayo. Basi, kompyuta haina koo. Haikohoi. Kwa nini isipige kelele yenyewe?

Lakini kelele za nani? Hapo ndipo mtu wa Kulesa anajua na mtu wa mjini hajui. Kwetu sisi, anayeamia ndege hapigi kelele tupu. Anawatukana ndege kwa maneno, na ndani ya maneno hayo anapitisha na ya majirani. Aliyekuudhi unamsema ukiwa juu ya dungu, eti unamsema ndege, na hana ruhusa ya kukasirika. Sheria ni moja: anayejibu ndiye ndege. Na katika kijiji hiki hakuna aliyewahi kumshinda Nyanya Rosina kwa matusi ya dunguni.

Nikamshikia simu mdomoni. "Sema, mke wangu."

"Niseme na mashine?"

"Sema na ndege. Mashine itasikiliza tu."

Akakohoa kidogo, akavuta kanga, halafu akaachilia. Charity aliacha mwiko ndani ya sufuria. Kuku wetu wenyewe walikimbia.

Jumatatu, 14 Julai

Mzee Nehemiah wa kanisani ametuazima kile kipaza sauti chenye mdomo kama tarumbeta, pamoja na mashine yake ya kukuza sauti. Kila Jumapili tunakirudisha kwa ibada. Waya nilinunua Garsen kwa Idris, fundi wa simu. Nimeuvuta kutoka dirishani, nikaupitisha juu ya migomba mpaka dunguni, nikakifunga kipaza sauti pale Nyanya alipokuwa akikaa.

Nikabonyeza. "Ewe mwizi mwenye mdomo mwekundu! Jembe umeshika lini? Ondoka kwenye jasho la mjane!"

Ndege waliinuka wote mara moja kama mkeka unaokung'utwa. Shamba lote likabaki wazi, kijani, zuri. Nyanya mwenyewe alishtuka, kisha akasema, "Kumbe nina sauti hivi? Ndiyo maana babu yenu alikuwa hakawii kurudi."

Mimi nimelala chini ya mgomba, mguu juu ya mguu. Kompyuta inaamia, Zadock anapumzika.

"Mvivu amepata mtumwa," Charity akasema akipita na ndoo.

"Msomi amepata wivu," nikamjibu.

Alhamisi, 17 Julai

Msiba. Mawingu ya kusi yamefunga tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kwenda, sola imedhoofika. Nilikuwa nimeunganisha bundle ya simu yangu kwenye kompyuta niangalie mpira kidogo, kidogo tu, na sauti ya Nyanya ikaanza kukatika: "Ewe mwi... mwi... mwi..." Halafu kompyuta ikajizima yenyewe, ikajiwasha yenyewe, ikaandika inajisasisha, nisiiguse. Nani ameituma? Ikazungusha kile kiduara chake mpaka umeme ukaisha.

Ndege walirudi. Nilikimbia shambani nikipiga sufuria. Wamekula ukingo wa upande wa mto, mashuke yamebaki makapi matupu.

Nyanya alilisugua shuke moja kiganjani, akapuliza makapi. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 20 Julai

Jana nilikwenda tena kwa Idris. Aliniambia: kompyuta ina kazi unazoziona na kazi usizoziona. Usizoziona zinaitwa sevisi. Zinaamka pamoja na mashine, zinakaa nyuma kimya, zinakula umeme na nguvu, na hakuna siku zitakuja kukuaga. Nyingi ni za maana. Nyingine kwako si za maana hata kidogo. "Lakini usizime usichokijua," akasema. Nikamwambia mimi hakuna nisichokijua.

Leo baada ya kanisa nikaziendea. Unabonyeza kitufe chenye picha ya dirisha pamoja na herufi R, unaandika services.msc, unagonga. Jamani! Ziliteremka kama siafu. Ukumbi mzima umejaa watu na mimi sikumwalika hata mmoja! Kila sevisi ina jina, ina maelezo yake, na ina amri: hii iamke yenyewe, hii iamke ikiitwa, hii isiwahi kuamka.

Nikaanza kuwahoji mmoja mmoja kama chifu, Charity akinisomea Kiingereza kile kigumu.

Ya kwanza ni ya kuchapisha karatasi. Printa tunayo? Hatuna. Imekaa tu kama mgeni anayengoja harusi isiyokuwapo. Nenda. Ya pili ni ya faksi. Charity anasema faksi ni barua zilizokuwa zikipita kwenye simu enzi za wazee. Pumzika, mzee. Ya tatu inasoma alama za vidole, na mashine yenyewe haina pa kuweka kidole! Nenda. Ya nne inapekua mafaili yote mchana kutwa ili siku ukitafuta kitu ikuonyeshe upesi. Hiyo nimeiita Jumwa, kwa jina la jirani yetu ambaye hata kifuniko cha sufuria yako anajua kina pengo upande gani. Nenda, Jumwa.

Ya kusasisha ndiyo kiboko. Niliizima. Nikanywa maji. Nikarudi, iko hai, inanitazama. Nikaizima tena, ikaamka tena. Nikasema hapa kuna uchawi.

"Si uache tu kuiwashia bundle?" Charity akasema.

Nikajifanya sikusikia. Baadaye, alipotoka, nikazima bundle.

Jumanne, 22 Julai

Feni ya mashine, iliyokuwa ikilia kama nyuki, imenyamaza. Kompyuta inaamka upesi kuliko Charity. Hata siku ya mawingu umeme unafika jioni. Sauti ya Nyanya inatoka safi, haikatiki. Hewani nzima hakuna mtu anayejua sevisi ni nini. Kulesa yuko mmoja.

Ijumaa, 25 Julai

Manyunyu. Naringa ndani ya nyumba.

Jumapili, 27 Julai

Mzee Nehemiah ana mabata, na mabata yake yana tabia ya kupitia mpunga wa Nyanya. Sasa, katika yale matusi niliyorekodi, lipo moja: "Ewe ndege uliyefugwa kwenye nyumba ya sala, mbona mchana unaonekana kwenye mpunga wa mjane?" Kompyuta imelisema wiki nzima, na kupitia kipaza sauti cha kanisa chenyewe.

Leo tulipomrudishia alinikazia macho. Midomo yake ilicheza. Nikamngoja. Anayejibu ndiye ndege!

"Sauti inatoka vizuri," akasema mwishowe.

Jioni tukasikia nyundo. Anajenga banda la mabata.

Jumanne, 29 Julai

Leo nimeuona moto.

Jana, kwa sifa tu, nilirudi kwenye lile dirisha la sevisi nikatafuta za kuzima zaidi. Nikaikuta moja ina jina refu lisilosema kitu, haili umeme wa maana, haionekani ikifanya lolote. Imekaa tu. Nikaiandikia isiwahi kuamka. Haikulalamika. Sauti iliendelea kama kawaida, nikajipongeza.

Asubuhi nawasha. Kimya. Alama ya spika ina msalaba mwekundu. Nabonyeza Nyanya, Nyanya hasemi. Ndege wakaja wakakaa kama waumini.

Nikaiendea sevisi ya sauti yenyewe, maana hiyo naijua na sikuigusa. Nimeikuta imelala. Nikaiambia iamke, ikakataa, ikanitolea namba na maneno. Charity alikuwa shambani akipiga sufuria kwa ajili yangu, akipiga na huku akilitaja jina langu pamoja na ya ndege. Hakuna wa kunisomea. Nikasoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kwenye kioo. Inasema aliye chini yake hakuamka.

Nikaifungua sevisi ya sauti kwa ndani, na huko nikaona kidirisha ambacho sikuwahi kukijali. Kinaonyesha nani anamtegemea nani. Na aliyeandikwa chini ya sauti ni yule yule wa jina refu! Kazi yake kumbe ni kuitafutia sauti njia ya kutokea, hii ni spika, huu ni waya. Hapigi kelele. Lakini bila yeye mwenye kelele ni bubu.

Nikamwandikia aamke mwenyewe daima, nikawasha upya. "EWE MWIZI MWENYE MDOMO MWEKUNDU!" Charity aliruka juu na sufuria yake.

Tumepoteza kidogo, si sana. Nimejifunza Kiingereza cha mstari mzima bila mwalimu. Sasa kabla ya kuzima chochote nafungua kwanza kile kidirisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Wageni wanne kutoka Hewani wamekuja kuona. Niliwafundisha nikiwa nimeshika kiuno. "Mashine ni kama kijiji," nikawaambia, "lazima ujue nani anafanya kazi na nani anakula tu." Wakatikisa vichwa. Zachary, anayejifanya mjuzi kwao, akauliza kama kweli ndege hawaizoei sauti.

"Kwenu wataizoea," nikamwambia. "Hii ni ya Nyanya Rosina."

Mpunga unaanza kuinama. Shuke moja likianza kuwa na rangi, shamba lote linafuata. Nyanya anaomba nimbebe mpaka mlangoni kila asubuhi aangalie.

Jumatatu, 11 Agosti

Kimya, jua, amani. Charity kesho anakwenda Hola kwa mambo ya chuo, atalala kwa mjomba. Vizuri. Nitakula bila kusemwa.

Jumatano, 13 Agosti

Sielewi.

Asubuhi nimewasha, sauti imetoka, ndege wakaruka wakarudi. Nikaongeza sauti. Wakaruka kidogo, wakarudi. Adhuhuri hawaruki kabisa. Ndege mmoja amekaa juu ya kipaza sauti chenyewe. Nyanya anamtukana chini ya miguu, yeye anajichokonoa manyoya! Na mpunga sasa umeiva wa kukaribia kukatwa, yaani ndio hasa wanaoupenda.

Nikakimbilia kompyuta. Nikafungua dirisha la sevisi, nikapitia yote, nikafungua kile kidirisha cha kutegemeana. Wote wameamka. Wote wanafanya kazi. Umeme upo. Nikabadilisha matusi, nikaweka yale makali ambayo Nyanya alisema niyaache ya akiba. Ndege wakaendelea kula.

Nikapiga sufuria mpaka mpini ukang'oka. Niliporudi nyumbani kuchukua nyingine, nikamkuta Nyanya mlangoni.

"Mume wangu, mbona leo hawaogopi?"

"Sijui. Sauti ni ile ile, kila kitu kinafanya kazi."

"Na dongo?"

"Dongo gani?"

Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mguu ukamuuma, akaushika huku anacheka. "Ee Mungu wangu, huyu mtoto hajui! Nenda nyuma ya migomba."

Nilikwenda. Nyuma ya migomba, upande ambao mimi nikilala siuoni, pana njia imekanyagwa mpaka imeng'aa. Kombeo linaning'inia kwenye shina. Na chini, juu ya jani la mgomba, madonge ya udongo wa mtoni, ya mviringo, yamepangwa yakauke, kila moja lina alama ya kidole. Kidole chembamba. Charity.

Sikuhitaji kufunguliwa kidirisha chochote. Nilisimama pale, nyuma yangu Nyanya wa kwenye kipaza sauti akiwaambia ndege wawe na aibu.

Ndege hawakuwahi kuiogopa sauti. Waliogopa kwamba baada ya sauti linakuja dongo.

Nikalichukua kombeo. Dongo la kwanza liliingia kwenye banda la mabata la Mzee Nehemiah. La pili liliniponyoka likaangukia nyuma yangu. Sitaandika habari ya la tatu. Lakini nilirusha mpaka jua likashuka na bega likakataa, na mwishoni nilimpata yule wa kwenye kipaza sauti, au karibu yake, akaenda. Kona nzima imeliwa. Iliyobaki inatosha, kama kesho naweza kuinua mkono.

Ijumaa, 15 Agosti

Bega. Dongo. Bega.

Jumamosi, 16 Agosti

Charity amerudi. Alinikuta dunguni, nina tope mpaka masikioni.

"Ulikuwa unarusha," nikamwambia.

"Kila siku. Wewe ukikoroma, mimi narusha. Sauti ikisema, dongo linafuata. Ndege si kama watu wa Hewani, maneno matupu wanayazoea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Umeshika kiuno, unafundisha wageni. Nilikuwa migombani nacheka, hata kombeo lilinianguka." Kisha akaliangalia shamba, akaliangalia bega langu. "Lakini umelishika. Nilidhani nitakuta makapi."

Hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa moyoni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetengeneza kitu. Zamani niliiacha sauti iseme mfululizo, tusi juu ya tusi. Sasa nimeyapanga upya: Nyanya anasema, halafu kimya kifupi, halafu anasema tena. Kile kimya ni cha dongo. Charity asubuhi, mimi mchana. Ndege wakisikia Nyanya amenyamaza, hawangoji.

"Hii umefikiria mwenyewe?" Charity akauliza.

"Na nani mwingine?"

"Naona zile nguvu za kichwa zimehamia begani kwanza, ndipo zikarudi."

Jumatatu, 25 Agosti

Tumeanza kuvuna. Wanawake wamekuja na visu vyao na nyimbo. Jumwa amekuja wa kwanza, akajua hata kona ipi iliyoliwa na siku gani.

Alhamisi, 28 Agosti

Tunapura. Makapi kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kompyuta.

Jumamosi, 30 Agosti

Ghala limejaa mpaka mlango unafungwa kwa kusukumwa na goti.

Plasta imetolewa wiki hii. Nyanya anatembea na fimbo, polepole, lakini fimbo yenyewe anaitumia zaidi kunyooshea watu. Asubuhi aliniita. "Mume wangu, lete simu. Nina tusi moja limebaki."

Mjomba Danson alikuja mchana na gari la mizigo, nyuma limetandikwa godoro. Godoro! Alikuwa na hakika kiasi hicho. Akasimamisha pale penye migomba, akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja.

Nikabonyeza.

"Ewe ndege wa Hola! Umekuja na gari tupu, umekuja kupakia nini? Mpunga umeingia ndani, na mwenye mpunga yuko ndani! Geuka na godoro lako!"

Kijiji kizima kilisikia. Walioshika ungo walisimama na ungo. Mjomba alitazama kipaza sauti, mguu mmoja chini, mmoja garini. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Kisha kikaja kile kimya kifupi nilichokipanga kwa mkono wangu.

Pwaa! Dongo lilipita juu ya migomba likatua katikati ya godoro.

Mjomba amesoma, ana ofisi, ana tai. Lakini kitovu chake kimezikwa Kulesa. Alibaki hapo, mdomo wazi, na watu wote wakimngoja. Taratibu akaufunga. Akateremsha mguu wa pili, akajipangusa suruali, akaja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Danson. Karibu wali. Mpya."

Alikula sahani mbili. Ya Hola hakuyataja. Alipoondoka, godoro lilibaki hapa, Nyanya amelisifu kwamba ni laini.

Kesho kipaza sauti kinarudi kanisani moja kwa moja. Kompyuta nimeifuta makapi, Charity ataihitaji chuoni, na nimemwekea kila sevisi mahali pake, hata ya printa nimeiamsha kwa heshima, maana huko printa zipo. Sasa watu wa Hewani wakija kusimulia kwao, wasimulie sawasawa. Kipaza sauti kilikuwa cha kanisa. Maneno yalikuwa ya Nyanya Rosina. Dongo lilikuwa la Charity, na alilenga yeye, nakubali.

Lakini kidole kilichobonyeza ni cha Zadock.